Una A ya KCSE? Hongera, lakini maombi ya Harvard huanza kidato cha kwanza

Hebu piga picha. Ni Januari. Matokeo ya KCSE yametoka na simu ya mzazi wako haipumziki. Shangazi anapiga vigelegele, majirani wamekubeba juu juu kama mwanasiasa aliyeshinda uchaguzi, na baba ameshaahidi mbuzi. Umepata A. Jioni, watu wakishatawanyika, mjomba anakuuliza swali moja: "Si wewe sasa unaweza kwenda hata Harvard?"

Unaingia mtandaoni kwa bando la shilingi 20. Dakika kumi baadaye unagundua kwamba siku ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa mwanzoni mwa mwezi huu. Kwamba kuna mtihani unaoitwa SAT na hujaufanya. Kwamba wanataka insha, barua za walimu wawili, na alama zako tangu kidato cha kwanza, zilizo kwenye zile ripoti fomu ambazo nyumbani ziliwashia jiko. Bando linaisha. Na ndoto nayo inakunjwa, inarudishwa mfukoni.

Makala haya ni yako kabla hujafika kwenye jioni hiyo. Uwe kidato cha tatu, kidato cha nne, Gredi ya 10 kwenye mtaala wa umilisi, au umekaa nyumbani ukingoja matokeo, kuna kazi unayoweza kuanza wiki hii. Sehemu kubwa yake haihitaji pesa. Inahitaji muda, na muda ndio huo tunaougundua ukiwa umekwisha.

KUCCPS haikuulizi wewe ni nani

Hapa kwetu mambo ni rahisi kueleweka. KUCCPS inachukua gredi zako, inapiga hesabu ya pointi za klasta, kompyuta inapanga foleni, unaitwa Udaktari Nairobi ama Uhandisi JKUAT. Hakuna anayekuuliza kama unaimba kwaya, kama unalea wadogo zako, ama ni kitabu gani kilikukosesha usingizi.

Vyuo vyenye ushindani mkali vya Marekani havifanyi hivyo. Gredi zinakufikisha mlangoni tu. Baada ya hapo watu wanaketi na faili yako, wanaisoma, na kujiuliza: huyu ni nani, amefanya nini na kile alichokuwa nacho, na akija hapa ataongeza nini?

Tazama hesabu. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 1,693 walipata A kati ya zaidi ya 960,000. Kijijini kwenu wewe ni nyota, hakuna ubishi. Lakini mwaka huo huo Harvard ilipokea maombi 54,008 na kukubali 1,937, yaani chini ya watu wanne kwa kila mia. Wengi wa waliokataliwa walikuwa nyota kwao pia. A yako haikutofautishi nao. Inakupa tu ruhusa ya kusomwa.

Lakini hayo maneno "na kile alichokuwa nacho" yana uzito, na yanakufaa wewe. Shule yako hutuma pia maelezo kuihusu yenyewe: ina wanafunzi wangapi, ina masomo gani, wengi hupata gredi gani. Hakuna anayetarajia msichana wa shule ya kutwa ya Kitui awe ametengeneza roboti. Wanataka kujua alifanya nini na maabara yenye mirija mitano.

Njia hii ina nyayo

Usidhani unatafuta kitu ambacho hakijawahi kufanywa na mtu wa kwenu. Septemba 1959, vijana 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda kusoma Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya na marafiki wake wa huko. Mamia wakafuata katika miaka michache iliyofuatia. Mmoja wao, Wangari Maathai, alikwenda 1960 kusomea biolojia katika chuo kidogo cha jimbo la Kansas. Miaka 44 baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mwaka 2002, binti yake Mboya, Dkt Susan Mboya, alianzisha Zawadi Africa kuwasaidia wasichana werevu kutoka familia zisizojiweza wapate nafasi na ufadhili wa chuo. Mwaka 2004, mwanahabari Mmarekani John Manners na Mike Boit, aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za 1972, wakaanzisha KenSAP. Wazo lao la mwanzo lilikuwa kutafuta vijana wa Bonde la Ufa wenye gredi za juu na pia miguu. Waombaji walikuwa wakikimbizwa mita 1,500 kule Iten kama sehemu ya mchujo. Baadaye ilidhihirika kwamba wengi hawakuhitaji miguu hiyo. Kichwa na maandalizi vilitosha.

Benki ya Equity nayo, kupitia mpango wake wa viongozi, imekuwa ikiwachukua wanafunzi bora baada ya KCSE, ikiwapa kazi ya muda katika matawi yake na kuwaelekeza jinsi ya kuomba vyuo vya nje.

Mipango hii yote ina kitu kimoja: inampa mwanafunzi miezi ya maandalizi kabla ya kutuma chochote. Ukibahatika kuingia mmojawapo, shukuru. Usipobahatika, maandalizi yenyewe si siri. Ndiyo haya.

Kalenda ndiyo huwaangusha wengi

Tuseme unafanya KCSE Novemba 2026. Matokeo yanatoka Januari 2027. Masomo ya chuo Marekani huanza Agosti au Septemba, na maombi hufungwa karibu miezi minane kabla. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi, Common App, hufunguliwa Agosti 1. Wanaoomba mapema hutuma kufikia Novemba 1, na wengine hutuma kati ya Januari 1 na 5, ingawa kila chuo kina tarehe yake. Majibu hutoka mwishoni mwa Machi, na Mei 1 ndiyo siku ya kawaida ya kusema ndiyo au hapana.

Unaweza kuomba ukiwa bado kidato cha nne? Ndiyo, wapo wanaofanya hivyo. Lakini ukiwa shule ya bweni bila simu, na Novemba 1 ikikukuta katikati ya karatasi za KCSE, utaharibu yote mawili. Kwa hivyo wengi huomba mwaka unaofuata. Ukimaliza Novemba 2026, unaomba kati ya Agosti 2027 na Januari 2028, na kuondoka Agosti 2028. Hiyo ni miezi 21 kutoka karatasi ya mwisho ya KCSE hadi uwanja wa ndege.

Hapo ndipo shida ya kweli hujitokeza, na hakuna haja ya kukuficha. Katikati ya miezi hiyo, KUCCPS itakuita. Chuo cha hapa kinakungoja Agosti au Septemba 2027, pengine kwa kozi ambayo ukoo mzima umeiombea. Mzazi atakuuliza, na ana haki ya kuuliza: "Unaacha Udaktari ulio mkononi kwa ajili ya kitu ambacho watu 96 kati ya 100 wananyimwa?"

Usimjibu kwa hasira. Mjibu kwa mpango. Kwanza, omba KUCCPS kama kawaida, usiache. Pili, kiulize chuo cha hapa kama kinaruhusu kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja. Tatu, kabla ya kuripoti chuoni hapa, viandikie barua pepe vyuo vya nje unavyotaka na kuuliza: nikianza masomo ya chuo Kenya, bado mtanihesabu kama mwombaji wa mwaka wa kwanza? Vingi humhesabu mtu aliyemaliza mwaka mzima chuoni kuwa mwanafunzi wa kuhama, na mlango huo ni mwembamba zaidi. Swali hilo moja linaweza kukuokoa majuto ya mwaka mzima.

Na huo mwaka wa kungoja usiwe wa kulala. Shule ya karibu huenda inahitaji mtu wa kushikilia hesabu. Duka la M-Pesa linataka mtu mwaminifu. Kazi yoyote ya kweli inakupa nauli ya kwenda mjini, inakupa heshima nyumbani, na inakupa kitu cha kuandika.

Ongea pesa mapema

Mwaka mmoja katika vyuo hivi hugharimu zaidi ya dola 80,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 10. Usifunge ukurasa. Bei hiyo iliyoandikwa si lazima iwe bei yako.

Vyuo vingi vya Marekani hutazama kama familia yako inaweza kulipa kabla ya kuamua kukuchukua, hasa ukiwa mgeni. Lakini vipo vichache ambavyo haviangalii mfuko wako wakati wa kuamua, na vikikukubali vinafidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia yako. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwao. Amherst na Bowdoin huenda hujawahi kuvisikia. Ni vyuo vidogo, na huku kwetu watu hukimbilia majina ya kwenye sinema. Usiangalie jina peke yake. Angalia nani anaweza kukulipia.

Kwa hivyo orodha yako ipangwe kwa pesa kwanza. Vyuo kati ya 8 na 12 vinatosha kabisa. Common App inakubali hadi 20, lakini kila chuo kikubwa kitataka insha zake za ziada, na mtu anayeandika insha 40 huandika 40 mbovu. Ada ya kuomba mara nyingi huwa makumi ya dola kwa kila chuo. Usiwe na haya kuomba msamaha wa ada. Upo kwa sababu yako. Pia usiangalie Marekani tu: Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, kina ufadhili wa Lester B. Pearson unaolipa masomo na malazi, lakini lazima shule yako ikupendekeze, na shule hupendekeza mtu mmoja tu. Mwalimu mkuu wako anajua? Pengine hajui. Mwambie.

Kisha kuna fomu ya pesa yenyewe, ambayo kwa vyuo vingi huitwa CSS Profile. Itakuuliza mapato ya wazazi, shamba, madeni, kila kitu. Katika nyumba zetu, mtoto hamuulizi babake mshahara. Kwa hivyo chagua wakati mzuri, baada ya chakula, na useme kwa adabu: "Baba, nimekuja kukuomba jambo gumu kidogo. Chuo kinataka kujua tunapata kiasi gani na tunatumia kiasi gani, ndio wajue watatusaidia vipi. Naomba tuketi pamoja na Mama tuandike." Ikiwa mama anauza mboga na hana hati ya mshahara, andikeni kwa uaminifu anachopata kwa wiki nzuri na wiki mbaya. Ukweli wa kawaida unatosha. Takwimu za kupikwa hugongana zenyewe.

Anza kukusanya leo

Kama bado uko shuleni, kazi yako ya kwanza ni ndogo sana: nunua faili. Weka ndani kila ripoti fomu ya kila muhula, kila cheti, hata kile cha kushiriki. Vyuo vinataka kuona ulivyoendelea tangu kidato cha kwanza. Kama ulianza na C ukapanda hadi A, hiyo ni hadithi nzuri, lakini haina shahidi kama karatasi zimepotea.

Kazi ya pili: chagua mambo mawili au matatu unayoyapenda kikweli na uyakalie miaka yote. Common App ina nafasi ya shughuli 10 na inakupa herufi 150 tu kueleza kila moja. Usijaze kwa vyama kumi ulivyojiunga navyo ili upigwe picha. Afadhali mtu aliyeshikilia klabu ya uigizaji miaka mitatu hadi tamasha za kitaifa, ama aliyeanzisha kikundi cha hesabu kwa wale waliokuwa wanaanguka, akawa anakutana nao kila Jumamosi.

Na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wetu hujinyima wenyewe. Majukumu ya nyumbani yanahesabika. Fomu yenyewe ina kipengele cha majukumu ya familia na kingine cha kazi ya malipo. Kukamua ng'ombe saa kumi na moja asubuhi kabla ya shule, kumtunza nyanya mgonjwa, kuuza mitumba na mama likizo ya Agosti: andika. Andika saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka. Yule kijana wa ng'ambo aliyepata muda wa kucheza fidla hakulazimika kuchota maji.

SAT: ijue sura yake

Baadhi ya vyuo viliacha kuhitaji SAT wakati wa korona, lakini vikubwa kadhaa, vikiwemo MIT, Harvard na Dartmouth, vimeirudisha. Iweke kwenye mpango wako.

Siku hizi hufanywa kwa kompyuta, kwa saa 2 na dakika 14. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64. Hesabu ni maswali 44 kwa dakika 70. Alama ya juu kabisa ni 1600. Kujiandikisha kunagharimu zaidi ya dola 100 ukijumlisha ada ya wanaofanyia nje ya Marekani, kwa hivyo panga kuifanya mara moja, mara mbili ukishindwa kabisa.

Mwanafunzi aliyepita KCSE kwa A kwa kawaida haogopi hesabu za SAT. Lakini hesabu hizo hazikupi maksi za njia. Jibu likikosewa, limekosewa. Kibarua kikubwa huwa ni kusoma: vifungu vifupi vya Kiingereza, swali moja kila kifungu, muda mfupi. Dawa yake haipatikani kwa wiki mbili. Soma kitu kila siku, riwaya, gazeti, makala za sayansi, chochote, kuanzia sasa. Mazoezi ya bure yapo kwenye tovuti ya Khan Academy, na majaribio kamili yapo kwenye programu ya Bluebook ambayo ndiyo hutumiwa siku ya mtihani. Huhitaji kulipa tusheni ya maelfu. Pia shughulikia pasipoti mapema kupitia eCitizen. Utaihitaji kwa viza, na ni kitambulisho kinachokubalika katika chumba cha mtihani.

Insha: sahau "jogoo aliwika"

Sasa tufike penye kazi. Insha kuu ya Common App ni ya maneno 250 hadi 650. Karibu ukurasa mmoja. Na wanafunzi bora wa Kenya huiandika vibaya kwa sababu moja: wamefundishwa insha vizuri.

Unajua jinsi tunavyoandika. Jua linachomoza mashariki. Ndege wanamwimbia Muumba. Jogoo anawika na mwandishi anarauka kama mshale. Kabla ya aya ya pili kuna methali mbili na tashbihi nne, kwa sababu mtahini anazihesabu. Ukipeleka hiyo Marekani, msomaji amekupoteza. Anajua jua huchomoza. Anachotaka kujua ni wewe unavyofikiri unapokuwa peke yako.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo hutokana na ushauri mbaya: "Waambie mlivyo maskini." Ndipo mtu anajaza ukurasa mzima kwa njaa, paa linalovuja, na baba aliyefariki, kisha anaishia na "naomba mnisaidie." Ndugu yangu, dada yangu, usiuze machozi. Fomu ya pesa imeshaeleza hali yenu. Ukitumia insha kuomboleza, umetumia nafasi pekee ya kuonekana kama mtu kuonekana kama tatizo. Kama shida ni sehemu ya hadithi yako, iseme kwa sentensi mbili, kisha tuonyeshe ulifanya nini siku iliyofuata.

Tuseme mama ana kibanda cha mboga na wewe ndiye unayeandika madeni. Mwanzo wa kawaida ungekuwa: "Nilizaliwa katika familia maskini ya watoto saba." Jaribu hivi badala yake:

"Daftari la madeni la mama lina kurasa tatu za watu wanaoahidi kulipa Ijumaa. Nikiwa kidato cha pili nilianza kuweka alama ya nyota kwa kila anayelipa Ijumaa kweli. Baada ya miezi minne niligundua kwamba wanaolipa si wale wanaoapa. Ni wale wanaochukua kidogo na kurudi upesi. Nilimwambia mama apunguze kiasi cha mkopo badala ya kukataa kukopesha. Alinicheka. Kisha akajaribu."

Hakuna tashbihi, hakuna methali. Lakini umeshamjua huyu mtu. Ana macho. Anahesabu bila kutumwa. Anaweza kumwambia mama jambo bila kumvunjia heshima. Na umejua pia kwamba familia haina pesa, bila kuambiwa. Mtu wa namna hiyo ndiye anayetafutwa katika darasa la uchumi.

Wewe una daftari gani? Itafute insha yako katika vitu vidogo unavyovifanya hata bila kuulizwa. Andika rasimu ya kwanza kwa lugha unayoota nayo, Kiswahili, Kiluo, Kikamba, yoyote, kisha uiandike upya kwa Kiingereza chako cha kawaida. Mpe mtu anayekujua vizuri aisome na umuulize swali moja tu: "Huyu ni mimi?" Akisita, rudia. Sita au saba za rasimu ni kawaida.

Na usimpe mtu akuandikie. Tunajua sote kwamba mjini kuna watu wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha, na kwa elfu chache yako itakuwa tayari kesho. Akili unde kama ChatGPT itakuandikia bure kabisa. Common App inahesabu kuwasilisha kazi ya akili unde kama yako kuwa ulaghai. Lakini hata wasingekushika, utakuwa umetuma mtu mwingine kwenye mlango wako. Wakimpenda, wamempenda yeye.

Msaidie mwalimu akusaidie

Walimu wetu huandika barua za wanafunzi kwa mtindo mmoja: "Ni mtiifu, mwenye nidhamu na bidii, nampendekeza bila kusita." Ni maneno mazuri, lakini yanamfaa mwanafunzi yeyote. Msomaji wa mbali anataka kisa kimoja: siku ulipobishana na kitabu cha fizikia na ukawa sahihi, ama ulivyobaki darasani kumwelekeza mwenzako.

Mwalimu ana wanafunzi mia tatu na hawezi kukumbuka yote. Mwendee mapema, angalau miezi miwili kabla, ukiwa na karatasi moja. Mwambie: "Mwalimu, samahani kwa kukusumbua. Ninaomba chuo nje na wanataka barua ya mwalimu anayenijua. Nimeandika hapa mambo machache tuliyofanya darasani kwako, labda yatakukumbusha. Ukipata nafasi, nitashukuru sana." Barua hutumwa mtandaoni, kwa hivyo hakikisha mwalimu ana barua pepe anayoifungua, na uwe tayari kwenda naye saiba ikibidi. Mwalimu mkuu au mwalimu mshauri naye ana fomu yake ya kujaza. Baadaye, uwe umekubaliwa au la, rudi ukamshukuru.

Anayekuhakikishia nafasi anakudanganya

Tumeona wazazi wakiuza ng'ombe na vipande vya shamba kwa ajili ya masomo ya ng'ambo ambayo hayakuwepo. Shika sheria moja: hakuna mtu yeyote, wakala, mwanasiasa wala mhubiri, anayeweza kukuhakikishia nafasi katika chuo chenye ushindani. Akikuhakikishia, ondoka. Ufadhili wa kweli hauombi "ada ya kufungua faili" kwa M-Pesa. Chuo hukuandikia chenyewe, kwa anwani yake rasmi.

Ukitaka ushauri, anza na EducationUSA katika ubalozi wa Marekani, Nairobi. Watu wa huko hawapati kamisheni kwa chuo utakachochagua. Kuhusu viza pia, soma masharti kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, kwa sababu hubadilika, na usitegemee kilichomtokea binamu wa rafiki yako mwaka juzi.

Na wakisema hapana?

Wengi wataambiwa hapana, hata waliofanya kila kitu sawasawa. Chuo kinachokubali wanne kati ya mia kinawaacha nje watu ambao wangefaulu vizuri sana ndani. Barua ya kukataliwa haijapima akili yako. Imepima nafasi zilizopo.

Lakini hesabu utakachobaki nacho. Utakuwa na faili iliyopangwa. Utakuwa umeketi na wazazi wako na kuzungumza pesa kama watu wazima. Utakuwa umeandika ukurasa mmoja wa kweli kuhusu nafsi yako, kitu ambacho watu wengi hufika uzeeni bila kukifanya. Na ile nafasi ya KUCCPS, kama uliilinda, bado ipo. Ukiingia Nairobi, Maseno au Moi ukiwa mtu wa namna hiyo, utaombea ufadhili wa shahada ya pili ukiwa umeshajua njia.

Kwa hivyo jioni hii, kabla ya kulala, fanya jambo moja. Zitafute ripoti fomu zako. Kama ziko karibu na jiko, zitoe hapo.